Mtu Aliyekwenda Kutafuta Kazi

Ndugu wanafunzi wa Handeni na Korogwe, somo la leo ni la historia. Someni polepole, na kila mkutapo mwaka, usomeni kwa sauti.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Wazee waliiita Kidyakingo, maana watu walifikia hata kula ngozi. Wengi walishuka pwani kutafuta chakula, na huko pwani wakakuta vyombo. Masimulizi ya wajukuu wao yasema kwamba waliahidiwa kupelekwa mahali penye kazi na chakula, na njaa ikiisha warudishwe kwao. Basi wakapanda kwa miguu yao wenyewe. Vyombo vikaenda kaskazini mpaka pwani ya Benadir, katika nchi iitwayo Somalia sasa, na huko wakauzwa.

Liangalieni vizuri jambo hili. Tusikiapo neno utumwa, twaona mnyororo shingoni na msafara njiani. Misafara ya namna hiyo ilikuwako kweli. Ilishuka kwa bonde la Ruvu, ikapita Mazinde na Korogwe, ikafika Pangani. Lakini Wazigua hawa hawakufungwa na mtu. Walikamatwa kwa ahadi ya kazi.

Baadaye wengi walitoroka, na yasemekana aliyewaongoza alikuwa mwanamke, jina lake Wanakhucha. Wakafika mto Juba, wakafyeka msitu, wakalima. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya vizazi vyao walikimbilia Tanzania, wakapewa makao Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia. Walikuja wakisema Kizigua. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita.

Sasa tuje Korogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika, iliyo hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika miche hiyo yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Korogwe. Mkonge wataka mikono mingi, na watu wa hapa walikuwa na mashamba yao ya kulima; hawakuwa na haja ya kukatia mtu mwingine miiba. Wajerumani wakatafuta njia ya kuwalazimisha. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne.

Waingereza walipiga marufuku utumwa katika Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Hata hivyo mkonge uliendelea kutaka watu. Watu wakaandikwa mbali, Unyamwezi, Uha, Ubena, wakaletwa kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, na ndipo lilipotoka neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika watu, iitwayo SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 ambayo ilipasa kujazwa katika siku 42.

Je, manamba alikuwa mtumwa? Mimi nasema hapana. Alipata mshahara na posho, hakuuzwa, na mkataba ukiisha alirudi kwao. Lakini kuna jambo moja lililomkaribisha na mtumwa: kwa miaka mingi, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la jinai. Aliyetoroka aliweza kufungwa jela. Tena, wakati wa vita vya pili vya dunia maelfu walikamatwa na serikali wakapelekwa mashambani bila kuulizwa. Kwa hiyo, ukitaka kuipima kazi yoyote, usiulize kwanza kama ni ngumu. Uliza kama mtu aweza kuiacha.

Chukueni kipimo hicho mkitumie leo. Tuseme kuna bwana mmoja mjini, kazi yake kutengeneza bustani za mahoteli. Majani huletewa na mtu mmoja, mawe na wa pili, kamba ya mkonge ya kufungia miche na wa tatu. Vijana wa kuchimba huletewa na dalali aliyewatoa kijijini. Dalali amewalipia nauli, amechukua vitambulisho vyao akisema anavitunza, na mshahara wao hupita mkononi mwake ili akate deni. Deni haliishi. Kijana akitaka kurudi kwao, huambiwa alipe kwanza. Mwenye bustani hajui, kwa sababu hakuuliza. Angeuliza mambo machache tu: nani kalipa nauli, vitambulisho viko wapi, na fedha zinaingia mkononi mwa nani? Na aliyemletea mawe na kamba amuulize vilevile. Uingereza tangu mwaka 2015 sheria yayataka makampuni makubwa kueleza kila mwaka, kwa maandishi, yamefanya nini kuhakikisha hakuna utumwa katika kazi zao na kwa wale wanaowauzia vitu.

Kwetu, sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kulazimishwa, na sheria ya mwaka 2008 yamwadhibu anayemsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe. Sheria ile ya 2004 yasema pia kwamba mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kama haelewi, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Basi karatasi ikiletwa, itafuteni mistari hii: kazi gani, mahali gani, mshahara kiasi gani, na mkataba waishaje. Mstari usipoonekana, ulizeni kabla ya kutia sahihi. Na kama yuko jirani aliyechukuliwa na hawezi kurudi, habari ipelekwe polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya.