Jazi Yetu Ilivyozaliwa

Leo twataka kuzungumza habari za jazi. Siku hizi wako wapigaji wanaochanganya muziki wa namna nyingi. Huko Unguja, kwa mfano, iko bendi ya Tarajazz iliyounganisha taarabu na jazi. Wazee wengine wakisikia hayo husikitika, wakasema vijana wanatupa mali yao na kuokota ya wageni. Neno hili si dogo, maana wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Basi na tutazame historia, tuone kama ni kweli.

Mchanganyiko huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1890 watu wa pwani ya Kenya walianza ngoma iitwayo beni. Waliiga matarumbeta, mavazi na vyeo vya askari wa Kizungu, lakini nyimbo walizitunga wenyewe kwa Kiswahili. Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 ilipokuja, askari na wapagazi waliichukua ngoma hiyo hadi bara, ikaingia na nchi za jirani zetu, Zambia na Malawi. Wengi kando ya Ziwa Nyasa hawakuwa na matarumbeta ya shaba. Je, walikata tamaa? La. Walitwaa vibuyu, wakatoboa tundu na kuliziba kwa utando mwembamba wa buibui; mtu akiimba ndani yake, sauti hutoka ikivuma kama tarumbeta. Hiyo ndiyo ngoma ya malipenga.

Mijini nako bendi zilianzishwa: Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Jina la jazi lilitoka Marekani. Lakini muziki uliowavuta sana wapigaji wetu ulikuwa wa Kuba, ambao santuri zake zilianza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930. Huko Morogoro, Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba Band. Na muziki wa Kuba ulitoka wapi? Waafrika waliopelekwa utumwani ndio walioleta ngoma zao, zikaungana na magitaa ya Kihispania. Kwa hiyo yule tuliyemdhania mgeni alikuwa mjukuu anayerudi kwa babu yake.

Tena mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz Band. Mtindo wake uliitwa msondo, na msondo ni jina la ngoma ya wazee wa pwani. Miaka ilipopita, jina la jazi likaanguka, na bendi ile ikaitwa Msondo Ngoma.

Basi twaona kuwa kuchanganya si kutupa. Lakini wazee nao wana haki katika jambo moja: mwenye kuchanganya sharti awe na chake cha kutia chunguni. Waliopiga vibuyu walikuwa na nyimbo zao kwanza. Ninyi wanafunzi, mkipenda magitaa, yapigeni; lakini kwanza waendeeni wazee wa Kinyiha, mjifunze ngoma zao wangali hai wa kuwafundisha.