Majina ya Kazi Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Kila asubuhi mwalimu wa Busia au wa Tororo hufungua daftari la mahudhurio na kuita: Wafula, Nekesa, Okoth, Egesa, Akiru, Barasa, Ojiambo. Aghalabu majina hayo huitwa kwa haraka, mwanafunzi huitikia, na somo huanza. Walakini daftari hilo ni hati ya historia, nayo imo mikononi mwetu kila siku bila sisi kuisoma. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja katika hati hiyo, nalo ni hili: kazi ya mwanadamu hugeukaje kuwa jina, na jina hilo likishapatikana huenea kwa njia gani.

Yafaa tuanze mbali kidogo, kwa sababu jambo hili limechunguzwa sana Uingereza. Huko majina ya ukoo ya kurithiwa yalianza kuenea baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kwanza kwa wenye mashamba makubwa, kisha kwa watu wa kawaida. Na ilipofika karibu mwaka 1400 watu wengi walikuwa nayo. Sehemu kubwa ya majina hayo ilitokana na kazi. Mhunzi aliitwa Smith, mpishi Cook, mwokaji Baker. Makarani walioandika orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379 huko Yorkshire waliwakuta watu wengi ambao jina na kazi yao vilikuwa bado kitu kimoja. Baadaye mwana alirithi jina bila kurithi kazi, na mhunzi wa kweli akaweza kuitwa Baker.

Majina mengine ya aina hiyo ni adimu. Mojawapo ni Kitching, ambalo chanzo chake ni neno la Kiingereza lenye maana ya jiko. Mtu wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa mtumishi wa jikoni, yamkini katika nyumba ya bwana mkubwa au ya watawa. Jina hili limekuwa zaidi la kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire na sehemu zinazopakana nayo, wala halikuenea kama Smith au Cook. Hata hivyo lilifika katika nchi tunayoizungumzia. Arthur Kitching, mmisionari wa Kianglikana, alifanya kazi miongoni mwa Wateso, akachapisha kitabu juu ya safari na kazi zake mwaka 1912, na mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Upper Nile, iliyojumuisha mashariki ya Uganda. Kabla yake alikuwa amekwisha kufika Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Basi Uganda ikapata askofu aitwaye Jikoni na daktari aitwaye Mpishi, na hakuna aliyetarajia chakula kutoka kwao. Majina yao yalikuwa yamekwisha kuachana na kazi kwa karne nyingi.

Sasa turudi mpakani. Kusini mwa mji wa Busia kuna vilima vya Samia, ambavyo mawe yake yana madini ya chuma. Kabla ya ukoloni Wasamia walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma. Majembe yao yalinunuliwa na majirani Waluhya, Wajaluo na watu wa upande wa Uganda, na yalitumika pia kama mahari. Tungetazamia, kwa kufuata mfano wa Uingereza, kwamba nchi hiyo ya wahunzi ingejaa watu wenye jina la ukoo lenye maana ya mhunzi. Lakini sivyo. Uhunzi wa Samia haukuzaa jina la ukoo lililoenea mfano wa Smith. Majembe ya viwandani yalipoletwa kutoka ng'ambo, tanuri zikazimika, na kazi ile kubwa haikuacha alama yake katika daftari la shule.

Kwa nini? Sababu ni kwamba jina la mtu katika nchi hii halikujibu swali la "baba yako anafanya kazi gani?" Ukoo ulikuwa na jina lake, na ujuzi wa uhunzi ulirithishwa ndani ya jamaa bila kuhitaji kutangazwa katika jina la kila mtoto. Jina la mtoto lilijibu maswali mengine: amezaliwa wakati gani, katika hali gani, na ni mzee gani aliyetangulia anayekumbukwa kwake. Ndiyo maana Bwire na Nabwire ni majina ya waliozaliwa usiku, na Ojiambo na Ajiambo ni ya waliozaliwa jioni. Wafula wa Waluhya na Okoth wa Wajopadhola wa Tororo wote wawili ni watoto wa mvua, ingawa lugha zao si za jamii moja. Wanjala na Oketch ni watoto wa wakati wa njaa.

Lakini kazi haikukosa nafasi kabisa. Iliingia kwa mlango mwingine, yaani mlango wa majira. Mkulima huhesabu mwaka kwa kazi za shamba. Hivyo mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mavuno huitwa Wekesa kwa Wabukusu, na Egesa kwa Wasamia. Wa kike huitwa Nekesa. Wanyonyi ni mtoto wa wakati wa palizi. Tukiyatazama majina haya tunaona tofauti kubwa na yale ya Uingereza. Smith lilikuwa jina la kazi ya mtu mmoja, lililomtenga na jirani zake. Wekesa ni jina la kazi ya watu wote, iliyokuwa ikifanywa kijiji kizima siku ile mtoto alipolia kwa mara ya kwanza. La kwanza hueleza riziki ya baba. La pili hueleza shughuli ya jamii.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini zilikuja kazi za namna nyingine, kazi za serikali na za mshahara, nazo zikaleta majina mapya. Mwaka 1902 yalitokea mambo mawili. Tarehe 1 Januari liliundwa jeshi la King's African Rifles, na tarehe 1 Aprili Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hivyo Wasamia na Wateso wakagawanywa na mpaka mwaka uleule ambao jeshi lililowaandikisha vijana wa pande zote mbili lilizaliwa. Herufi tatu za jeshi hilo, K.A.R., zilitamkwa na askari wetu "Keya", nalo likawa neno la Kiswahili. Katika vita vya 1914 hadi 1918 kikosi cha wapagazi kikaitwa "Kariakoo", na katika vita vya 1939 hadi 1945 kikosi cha kuchimba na kujenga kikaitwa "Panyako", ambalo ni umbo letu la maneno Pioneer Corps.

Mwalimu wa lugha ataona mara moja kanuni moja katika maneno hayo. Neno la Kiingereza linaloandikwa "corps" hutamkwa takriban "koo". Nasi tuliazima sauti, hatukuazima maandishi. Kariakoo likabaki kuwa jina la mahali Dar es Salaam, na lile la Nairobi likaandikwa Kariokor. Keya na Panyako yamekuwa pia majina ya watu magharibi mwa Kenya. Jina Barasa nalo lina asili ya namna hiyo: latokana na neno letu "baraza", na lilipewa mtoto aliyezaliwa siku ya mkutano wa chifu au wa mkuu wa wilaya. Sauti ya z imegeuka kuwa s kwa kufuata matamshi ya Kiluhya. Basi hata kazi ya serikali ilipokelewa kwa kanuni ya zamani: Barasa wa kwanza hakuwa chifu, bali alizaliwa wakati chifu alipokuwa akisema.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Si kila Keya ni mjukuu wa askari. Jina fupi laweza kuzuka katika lugha mbili kwa asili mbalimbali, na mtoto aweza kuitwa kwa jina la rafiki au la babu. Maana ya neno ni mwanzo wa uchunguzi tu. Ushahidi wake ni wazee wa jamaa yenyewe.

Sasa ni lini majina haya yalipoanza kuwa ya ukoo? Twaweza kutaja vyombo vitatu: ubatizo, daftari la shule, na kitambulisho. Ubatizo ulileta jina la kigeni mbele, na jina la asili likasogezwa nyuma, mahali ambapo Mzungu aliweka jina la ukoo wake. Shule ikataka jina la baba. Upande wa Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye jina lake na alama za vidole. Jina lililokuwa tukio likawa saini. Egesa aliyezaliwa wakati wa mavuno akamwachia jina lake mwana aliyezaliwa wakati wa kupanda.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa mageuzi haya ni jinsia ya jina. Katika mila, Wekesa ni mwanamume na Nekesa ni mwanamke; Ouma ni mwanamume na Auma ni mwanamke. Dakta Julia Auma Ojiambo, aliyechaguliwa kuwa Mbunge mwaka 1974 kutoka Busia ya Kenya, ana yote mawili katika jina lake: Auma, jina la kike la kuzaliwa, na Ojiambo, jina la kiume alilolipata kwa ndoa. Tunapomwona mwanamke mwenye jina la kiume mwishoni, tunajua kwamba jina hilo limekwisha kuwa la ukoo. Waingereza nao walipitia njia hiyo kwa upande wa pili: jina Baxter hapo kale lilikuwa na umbo la kike, la mwanamke mwokaji, na leo wanaume huitwa hivyo bila kulifikiria.

Majina yalipokwisha kurithiwa, yakaanza kusafiri. Reli iliyopitia Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, ikawachukua vibarua na makarani. Wabukusu walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia, na baada ya uhuru wengi wakapata ardhi huko. Hivyo jina Wekesa likatia mizizi Kitale kama lilivyo Bungoma. Wasamia wakafuata kazi Jinja, Kampala, Kisumu na Nairobi. Katika miaka ya 1970 machafuko ya Uganda yaliwafanya wengi wavuke mpaka na kukaa kwa jamaa zao wa Kenya. Mwaka 1997 wilaya ya Busia ya Uganda ikatengwa na Tororo, na mwaka 2018 Marais wa nchi zote mbili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Mistari imechorwa na kuchorwa tena, lakini Bwire yuko pande zote.

Lipo hapa jambo zito kuliko udadisi wa wanalugha. Upande wa Kenya desturi ya kumalizia kwa jina la baba au babu imeshika sana. Upande wa Uganda hadi leo si ajabu watoto wa baba mmoja kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja akiandikishwa Kenya na mwingine Uganda, huonekana katika karatasi kuwa hawana uhusiano. Tena mtu mwenye haki yake huweza kuambiwa ofisini kwamba jina lake ni la "upande ule". Anayesema hivyo hajui kwamba majina haya yalikuwapo kabla ya mpaka. Jina la mpakani ni ushahidi wa lugha, wa majira na wa jamaa; si ushahidi wa uraia.

Kwa hiyo sisi walimu tuna wajibu wa aina mbili. Kwanza, tusiyasahihishe majina. Mwalimu anayembadili Barasa kuwa Baraza, au Egessa wa Uganda kuwa Egesa kwa kuwa ndivyo inavyoandikwa Kenya, anaweza kumwachia mtoto cheti kisicholingana na kitambulisho, na taabu hiyo itamfuata maisha yake yote. Pili, tuwape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja aulize nyumbani jina lake lina maana gani, nani alilipewa kwanza, na kwa sababu gani. Majibu yao yatatufundisha historia ambayo haijaandikwa. Wahunzi wa Samia walizimika bila kuacha jina. Waliovuna, waliopalilia, waliobeba mizigo ya vita na walioketi barazani wameacha yao, nayo tunayaita kila asubuhi.