Valvu Bandia ya Moyo Haipimwi kwa Namba Moja

Mgonjwa aliyebadilishiwa valvu ya moyo anaporudi kliniki, namba inayotazamwa kwanza ni tofauti ya shinikizo la damu kati ya pande mbili za valvu. Nadai kwamba namba hiyo, ikisimama peke yake, hupotosha, na kwamba kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Sababu imo katika hesabu yenyewe. Mashine ya eko, inayochunguza moyo kwa mawimbi ya sauti, haipimi shinikizo. Hupima kasi ya damu, kisha huzidisha mraba wa kasi hiyo kwa 4. Damu ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, jibu ni milimita 16 za zebaki. Ikipita kwa mita 3, jibu ni 36. Basi chochote kinachoongeza mtiririko hupandisha namba, hata valvu ikiwa nzima kabisa. Ulaya, wengi wanaowekewa valvu ni wazee ambao valvu ya aota imekakamaa kwa chokaa. Kwetu ni vijana, wengi wao wanawake, ambao valvu zao, hasa ya mitrali, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye mafindofindo ya utotoni. Hawa hushika mimba, hupungukiwa damu, mapigo yao huenda mbio. Namba hupanda bila kosa la valvu. Kinyume chake, moyo uliochoka husukuma damu kidogo, na valvu iliyozibwa na bonge la damu ikatoa namba ya kutuliza. Hili la pili ndilo linalonitisha zaidi.

Kwa valvu ya aota, kosa hupungua tukigawanya kasi ya damu kabla ya valvu kwa kasi ndani yake. Mtiririko ukiongezeka, kasi zote mbili hupanda, na uwiano hautikisiki sana. Ukishuka chini ya 0.25, kuna sababu ya kushuku kwamba njia imebana. Valvu ya chuma hufaa pia kutazamwa kwa eksirei ya mwendo, kuona kama vibao vyake vinafunguka sawasawa.

Hata hivyo, mlinganisho ulio bora ni wa mgonjwa na nafsi yake. Milimita 20 katika valvu ndogo ya aota huenda zikawapo tangu upasuaji, kwa kuwa valvu ni finyu kwa mwili ule. Daktari wa moyo Rahimtoola alilieleza tatizo hilo mwaka 1978. Milimita 20 hizohizo kwa aliyeanza na 10 ni habari nyingine. Bila eko ya awali, inayofanywa ndani ya miezi 3 ya kwanza, hatuwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo kila mgonjwa aondoke na kadi inayotaja aina na saizi ya valvu, vipimo vya eko ya awali, mapigo ya moyo na kiwango cha damu cha siku hiyo, na, kwa mwenye valvu ya chuma, kiwango cha INR (kipimo cha kuganda kwa damu) anachopaswa kukifikia kwa dawa ya warfarini. Kadi ikae kwake, wala si kwenye jalada la hospitali, kwa sababu huenda akajifungulia wilaya nyingine, mbele ya daktari asiyemjua.