Urefu wa Mtutu wa Bastola na Ulinzi wa Nyumba nchini Marekani, 1873–2008

Vipimo vya mitutu ya bastola zilizokuja kutunzwa majumbani nchini Marekani havikutokana na mahitaji ya nyumba. Rivolva ya Colt iliyopokelewa na jeshi mwaka 1873 kwa ajili ya askari wa farasi ilikuwa na mtutu wa inchi 7.5, katika miaka ya 1890 nyingi kati ya hizo zilikatwa hadi inchi 5.5. Mtutu wa inchi 4.75, uliopendwa na raia, uliishia pale ilipoishia fimbo ya kutolea maganda. Kipimo hicho, basi, kiliamuliwa na mtambo wenyewe. Mwaka 1927 ikafuata Detective Special ya inchi 2, silaha ya kufichwa ndani ya koti.

Nyumba ina masharti yake. Mtutu mrefu huongeza kasi ya risasi na kurahisisha kulenga, lakini katika ushoroba mwembamba humpa mvamizi kitu cha kushika. Mtutu mfupi hupunguza hatari hiyo, ila mwako na kishindo chake chumbani ni vikali, na shabaha yake hudai mazoezi zaidi.

Katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller (2008), Jaji Scalia alitaja baadhi ya sababu za raia kuchagua bastola: si rahisi kwa mshambuliaji kuipokonya, na mkono wa pili hubaki huru kuwapigia polisi simu. Hoja hizo, zikitazamwa vyema, ni hoja za ufupi, ingawa hukumu haikuweka kipimo chochote cha mtutu wa bastola.