Bildad Kaggia na Jiwe la Kunolea

Katika boma la mkulima yeyote kuna jiwe la kunolea. Halilimi wala halikati, lakini pasipo jiwe hilo panga ni butu. Kwa Kikuyu jiwe hilo huitwa inooro, nalo ndilo jina alilolichagua Bildad Kaggia alipoanzisha gazeti lake, Inooro ria Agikuyu.

Alizaliwa mwaka 1921. Mwaka 1940 akaingia jeshini kama vijana wengi wa zamani zile, akapelekwa Mashariki ya Kati, na mwishowe Uingereza. Kaggia alikuwa Mkristo aliyefundishwa na wamisheni. Lakini alipoizuru Palestina aliwaona Wakristo wa huko wakimwabudu Mungu pasipo kuacha desturi zao, naye akaanza kujiuliza kwa nini Mwafrika alitakiwa kuziacha zake.

Aliporudi Kenya mwaka 1946, askari wa Kizungu walikuwa wakitengewa mashamba kuwa malipo ya vita. Askari Mwafrika, aliyevumilia jua lile lile na risasi zile zile, hakutengewa hata kipande. Kaggia akafanya kazi ya ukarani katika benki mjini Nairobi, kisha akaiacha, akawaongoza wafanyakazi katika vyama vyao, akatoa na gazeti. Mwaka 1952 serikali ikapiga marufuku magazeti mengi ya Waafrika. Usiku wa tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo Kaggia akakamatwa, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Huko Lokitaung, katika nchi kame ya Turkana, hakuwa na gazeti tena, lakini hakuwa bubu. Mwaka 1958 barua ya wafungwa, naye akiwa mmoja wao, ilitoroshwa gerezani ikachapishwa London katika gazeti la Observer, na walimwengu wakajua taabu zao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 alikuwa Mbunge wa Kandara. Serikali mpya ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi kwa fedha za mkopo na kuwagawia watu, nao wayalipie. Kaggia alikataa. Mtu aliyenyang'anywa ardhi yake, alisema, atainunuaje tena? Mwaka 1964 akaacha cheo chake serikalini kwa sababu ya jambo hilo.

Mwaka uliofuata Rais Kenyatta alifika Kandara, na mbele ya umati wa watu akamwuliza Kaggia amejifanyia nini yeye mwenyewe, ilhali wenzake waliofungwa pamoja naye wamekwisha kupata mali. Kwangu mimi swali lile ni gumu kuliko hukumu ya Kapenguria, maana safari hii muulizaji alikuwa mwenzake wa kifungoni. Mwaka 1966 akajiunga na chama cha upinzani cha KPU, akapoteza kiti chake; mwaka 1968 akafungwa tena; mwaka 1969 akarudi KANU. Wako waliomlaumu kwa kurudi huko, nami siwakatazi.

Uzeeni alikaa Makuyu, mji mdogo wa Murang'a, akiendesha mashine ya kusaga mahindi. Wanawake walimletea magunia yao, naye akawasagia unga. Alifariki tarehe 7 Machi 2005, pasipo kuwa tajiri.