Bastola ya polisi: kwa nini risasi ya milimita 9?

Msikilizaji wetu wa Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojibanza baina ya majabali na bahari, kusini-mashariki ya mji mkongwe wa Muscat nchini Oman, ametuletea swali. Marehemu baba yake alikuwa askari polisi Unguja kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na alipokuwa hai alipenda kusimulia habari za silaha za zamani. Leo mwanawe huona katika televisheni kwamba polisi wa karibu kila nchi hubeba bastola ya milimita 9. Anauliza: ni nani aliyeamua hivyo? Na je, risasi iliyo kubwa zaidi si ndiyo bora zaidi?

Swali hili linaonekana kuwa la mafundi wa silaha peke yao. Kwa hakika linamhusu kila raia, kwani risasi ya polisi huchaguliwa ofisini, lakini hutua mtaani.

Nini maana ya kipenyo?

Kipenyo cha risasi, ambacho mafundi hukiita kaliba, ni upana wake. Mataifa ya bara la Ulaya hukipima kwa milimita. Waingereza na Wamarekani wamezoea kukipima kwa sehemu za inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo bastola iitwayo "45" ina risasi yenye upana wa sehemu 45 kati ya 100 za inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita 11.

Hata hivyo, upana peke yake hausemi mengi. Ganda lina urefu wake, baruti ina wingi wake, na risasi yenyewe ina uzito na umbo. Bastola za milimita 9 zinazotumiwa na polisi wengi hutumia ganda lenye urefu wa milimita 19, lililobuniwa na Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Jeshi la majini la Ujerumani liliipokea risasi hiyo mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908.

Bastola ya Kirusi ya Makarov, iliyoenea katika nchi nyingi zilizopata silaha kutoka kambi ya Mashariki, nayo huitwa ya milimita 9. Lakini ganda lake lina urefu wa milimita 18, na risasi yake ni nene kidogo kuliko ile ya Luger. Risasi hizo mbili haziwezi kubadilishana. Ofisa wa ghala anayeagiza "risasi za tisa" bila kueleza zaidi anaweza kuletewa shehena isiyomfaa.

Mafunzo mawili yanayopingana

Mwanzoni mwa karne iliyopita jeshi la Marekani lilikuwa likipigana na Wamoro, Waislamu wa kusini ya Ufilipino. Askari walilalamika kwamba bastola zao za inchi 0.38 hazikuweza kumzuia mtu aliyewajia na panga. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walifanya majaribio kwa kupiga risasi ng'ombe katika machinjio ya Chicago, na pia maiti za binadamu. Walihitimisha kwamba bastola ya kijeshi isipungue inchi 0.45. Matokeo yake yalikuwa bastola mashuhuri ya Colt, iliyopokewa rasmi mwaka 1911.

Waingereza walielekea upande mwingine. Katika Vita Kuu ya Kwanza maofisa wao walibeba bastola ya Webley ya inchi 0.455, silaha nzito yenye kishindo kikubwa. Baada ya vita waligundua kwamba askari aliyepata mazoezi machache hulenga vyema zaidi kwa silaha ndogo. Mnamo mwaka 1932 walipokea rasmi bastola ya inchi 0.38, na bastola za kipenyo hicho zikaenea katika vikosi vya polisi vya makoloni yao. Zilikuwa za mzinga unaozunguka, zikichukua risasi 6.

Basi dola mbili zilitazama jambo moja na kufikia hukumu mbili. Wamarekani waliuliza risasi itafanya nini ikimpata mtu. Waingereza waliuliza kama itampata.

Miami, mwaka 1986

Swali hilo lilifufuka tarehe 11 Aprili mwaka 1986 katika mtaa mmoja wa Miami, jimboni Florida. Makachero wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, walipambana na majambazi wawili wa benki. Makachero wawili waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa kabla ya majambazi wote wawili kuuawa. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja mapema, ikapenya mkono na kuingia kifuani, lakini ikakoma kabla ya kufika moyoni. Mtu huyo aliendelea kupigana na kuua.

FBI ilianza kupima risasi upya kwa kuzipiga katika jelatini, utomvu mzito unaofanana na nyama ya mwili. Ilitaka risasi ipenye si chini ya sentimita 30 na si zaidi ya 45 hivi: isikome njiani, wala isimpite mlengwa na kumuua aliye nyuma yake. Kwanza ilichagua risasi ya milimita 10, lakini makachero wengi waliona inasukuma mkono kupita kiasi. Mwaka 1990 ikatokea risasi ya inchi 0.40, iliyopunguzwa nguvu, nayo ikaenea upesi miongoni mwa polisi wa Marekani.

Robo karne baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kilieleza kwamba risasi za milimita 9 zimeboreshwa kiasi kwamba majeraha yake hayatofautiani sana na ya risasi kubwa za bastola. Kwa upande mwingine, askari wengi hulenga kwa usahihi na kwa haraka zaidi wakitumia milimita 9, na bastola yake hubeba risasi nyingi. Glock 17, kwa mfano, hubeba risasi 17 katika magazini yake, ilhali ile Colt ya mwaka 1911 hubeba 7. FBI ikarejea kwenye milimita 9.

Hesabu zinaunga mkono uamuzi huo. Risasi ya milimita 9 yenye uzito wa gramu 8 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Ile ya inchi 0.45 ina uzito wa gramu 15 lakini hutoka kwa mita 255 tu. Nguvu zao hukaribiana mno. Kinachoamua ni mahali risasi inapotua, na hilo hutegemea mkono wa askari na mazoezi aliyopewa.

Risasi isiyojua kukoma

Ujerumani Magharibi ilifika kwenye milimita 9 kwa njia yake. Polisi wake walibeba bastola ndogo za milimita 7.65, lakini baada ya ugaidi wa miaka ya 1970, yakiwemo mauaji ya michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ziliandikwa sifa mpya zilizotaka milimita 9. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wajerumani waliongeza sharti la risasi inayotanuka inapopiga, ili nguvu yake iishie mwilini mwa mlengwa.

Jambo hili huwashangaza wengi. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku risasi zinazotanuka vitani. Mwaka 2010 mkutano wa kupitia Mkataba wa Roma, uliofanyika Kampala, uliongeza marufuku hiyo katika orodha ya uhalifu wa kivita kwa vita vya ndani ya nchi. Lakini polisi hayupo vitani. Nyuma ya mhalifu anayemlenga pana muuza matunda, mwanafunzi, na abiria aliyeketi ndani ya basi. Risasi inayokoma huweza kuwaokoa hao.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoguswa. Nchini Kenya maofisa hubeba bastola za milimita 9, na majina ya Ceska na Jericho ni ya kawaida katika magazeti ya Nairobi. Lakini askari wengi wa doria hawabebi bastola; hubeba bunduki ndefu za G3 au AK-47. Risasi ya G3, yenye kipenyo cha milimita 7.62, hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na nguvu yake huizidi ya bastola ya milimita 9 zaidi ya mara sita. Iliundwa kumfikia adui aliye mbali uwanjani. Katika mtaa wa nyumba za mabati hupenya ukuta mmoja, na wa pili.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, iliorodhesha vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, na tume iliwalaumu vikali polisi. Msikilizaji wetu wa Qantab, ambaye ana jamaa Pemba, atakumbuka pia Januari 2001, polisi walipotumia risasi za moto dhidi ya waandamanaji wa Chama cha Wananchi, CUF. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni nchini Kenya.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka serikali zikataze silaha na risasi zinazoleta madhara yasiyo na sababu au hatari isiyo ya lazima. Nchi ikijadili kipenyo cha bastola huku askari wake wakilinda maandamano kwa bunduki za kivita, imelikwepa swali lililo kubwa zaidi.

Risasi inapobadili mikono

Lipo jambo la tatu ambalo vitabu vya mafundi husahau, ingawa pwani ya Muscat inalijua vyema. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Muscat ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya bunduki katika Bahari ya Hindi. Bunduki zilizoletwa kutoka Ulaya zilivushwa kwa majahazi hadi pwani ya Makran, kisha zikapelekwa Afghanistan na mpaka wa India ya Waingereza. Nyingi zilikuwa za Martini-Henry, aina iliyowahi kubebwa na askari wa Uingereza wenyewe. Mwaka 1912 Sultani Faisal bin Turki, kwa shinikizo la Uingereza, aliamuru silaha zote zinazoingia ziwekwe katika ghala moja maalumu.

Wapo waliojaribu kulitatua tatizo hilo kwa kipenyo chenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kiwanda cha W. W. Greener cha Birmingham kilitengeneza bunduki fupi kwa ajili ya polisi wa Misri, na kwa makusudi kikaipa risasi ya kipimo kisichouzwa madukani. Aliyeiba bunduki hakupata cha kuijazia. Wezi nao hawakulala: walizungushia karatasi risasi nyembamba mpaka zikakaa sawasawa. Kiwanda kikabadili tena umbo la ganda, na kutia pini yenye ncha tatu ili risasi za kawaida zisiwake.

Unguja haikuwa na kinga hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, wanamapinduzi walivamia kituo cha polisi cha Ziwani na ghala lake la silaha. Silaha za kulinda dola ndizo zilizoiangusha. Familia nyingi zilizoishia Muscat, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilianza safari yao usiku huo.

Wala hayo si ya kale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 na taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ulieleza kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa kinyume cha sheria Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi ya Kenya. Miaka minne kabla ya hapo, Aprili 2004, mataifa ya kanda hii yalikuwa yametia saini Itifaki ya Nairobi, inayotaka silaha zitiwe alama na kuandikwa katika daftari. Alama na daftari havina mvuto wa bastola mpya, lakini risasi ya milimita 9 inayoweza kupatikana popote haina ulinzi mwingine.

Jibu kwa ufupi

Basi, ndugu msikilizaji, hakuna mtu mmoja aliyeamua. Milimita 9 ilishinda kwa sababu askari wa kawaida huweza kuimudu, hupatikana kwa urahisi, na ikitengenezwa vyema hufanya kazi sawa na risasi kubwa. Ukubwa si ubora.

Lakini serikali inayochagua risasi ya polisi wake ina maswali matatu ya kujibu. Je, askari atampata anayemlenga? Je, risasi itakoma hapo? Na je, kesho itakuwa mikononi mwa nani? Swali la kwanza hujibiwa kwenye uwanja wa shabaha, la pili kiwandani na mtaani, na la tatu kwenye mlango wa ghala. Kipenyo cha milimita 9 hujibu sehemu tu ya lile la kwanza.