Mbinu za kufungua bolti sugu kwenye pikipiki kuukuu

Wenye pikipiki mjini Kitale na Bungoma wanaifahamu vyema siku ambayo kazi ya nusu saa hugeuka kuwa hasara ya wiki nzima. Mhudumu wa bodaboda hufika kwa fundi asubuhi ili bomba la moshi linalovuja lizibwe. Fundi anaweka spana, anavuta kwa nguvu, bolti inakatika na kipande chake kinasalia ndani ya kichwa cha silinda. Kuanzia hapo tatizo si la bomba tena bali ni la injini, ilhali mwenye pikipiki angali anasubiri mapato yake ya siku.

Pikipiki zilienea kwa kasi nchini Kenya baada ya serikali kuziondolea ushuru wa VAT zile zenye injini ndogo ya chini ya 250cc mwaka wa 2008. Nyingi za zamani zingali barabarani. Kando yake kuna zile kongwe zaidi, kama vile Yamaha DT 125 na AG 100, ambazo kwa miaka mingi zilitumiwa na maafisa wa kilimo na wa afya mashinani. Pikipiki ya aina hii huwa imepitia mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama yake kwenye bolti.

Kwa nini bolti hung'ang'ana

Sababu ya kwanza ni kutu. Chuma kinapoliwa na kutu, ile kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hujibana ndani ya hesi, yaani ile miviringo inayoizunguka bolti. Sababu ya pili ni kukutana kwa madini mawili tofauti. Bolti ni ya chuma lakini kasha la injini ni la alumini. Maji yenye chumvichumvi yakiingia kati yao, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaoshika kama saruji.

Eneo hili lina kila kitu cha kuchochea hali hiyo. Mvua ni nyingi, matope ya barabara za Endebess, Kiminini na Chwele hukaukia chini ya injini, na wakati wa upanzi pikipiki hubeba magunia ya mbolea. Vumbi la mbolea hunyonya unyevu na huharakisha kutu. Ni vyema pikipiki ioshwe siku hiyo hiyo inapotoka kubeba mzigo wa aina hiyo.

Sababu ya tatu ni joto. Bolti za bomba la moshi huchemka na kupoa kila siku hadi mafuta yote kwenye hesi yanakauka.

Safisha njia kwanza

Bolti nyingi huharibika kwa sababu fundi alijaribu kuzifikia kwa pembe mbaya. Spana iliyoshika nusu ya kichwa cha bolti itateleza tu. Kabla ya kugusa bolti iliyojificha nyuma ya kabureta au juu ya kichwa cha silinda, ondoa kiti, funga mafuta kisha toa tangi. Dakika kumi za kuondoa vitu hivyo huokoa saa nyingi baadaye. Pale ambapo jicho halifiki, piga picha kwa simu ili uone kichwa cha bolti kilivyo.

Kwangua matope na kutu kwa msumari na brashi ya waya hadi chuma kionekane. Tundu la skrubu likiwa limejaa uchafu, bisibisi haitazama hadi chini.

Spana ifaayo

Kwenye pikipiki za Kijapani, bolti ya milimita 6 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana nambari 10, ya milimita 8 kwa nambari 12, na ya milimita 10 kwa nambari 14. Spana za inchi zilizozagaa kwenye masanduku ya mafundi ni hatari hapa. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na kwenye bolti nambari 12 italegea na kula pembe zote sita. Tumia soketi yenye pembe sita badala ya ile ya pembe kumi na mbili. Spana ya kurekebisha isikaribie bolti iliyokwama.

Skrubu za msalaba kwenye makasha ya injini za zamani za Kijapani zina siri yake. Zilitengenezwa kwa kipimo cha Japani, na baadhi huwa na nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai sawasawa ndani yake, bali hupanda juu na kukwangua tundu. Kifaa bora ni bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kidogo kila ipigwapo nyundo, ikiwa na ncha ya kipimo hicho cha Japani.

Kumbuka pia kwamba si kila hesi hufunguka kwa kuelekea kushoto. Kwenye pikipiki nyingi za Yamaha, kioo cha upande wa kulia hufunguliwa kwa kuelekea kulia.

Mafuta, muda na nyundo

Paka mafuta ya kupenya kutu jioni pikipiki inapotoka kazini, kisha iache hadi asubuhi. Asiyeyapata hutumia dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, ingawa hupenya polepole zaidi. Asubuhi, gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kwa wima. Mtikisiko huo huvunja kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Jaribu kwanza kukaza kidogo, kisha legeza. Bolti ikisogea robo mzunguko na kuanza kuwa ngumu, usiendelee kuvuta. Irudishe, ongeza mafuta, kisha vuta tena. Wengi huvunja bolti ambayo tayari ilikuwa imekubali kutoka.

Ni muhimu kufahamu nguvu inayohitajika. Bolti ya milimita 6 hukazwa kwa nguvu ndogo tu, takriban sawa na uzito wa kilo 5 uliotundikwa kwenye spana yenye urefu wa sentimita 20. Anayechomeka bomba refu kwenye spana ili kuongeza nguvu anaikata, haifungui. Ukihisi bolti inapinda mithili ya mpira bila kuzunguka, simama papo hapo.

Moto

Mafuta yakishindwa, joto husaidia kwa sababu alumini hupanuka takriban mara mbili zaidi ya chuma. Lengo ni kupasha kasha linaloizunguka bolti, si bolti yenyewe, ili tundu lipanuke. Hata hivyo, alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na haiwi nyekundu kwanza ili kukuonya. Usiache mwale mahali pamoja.

Tangi na mpira wa petroli lazima viwe vimeondolewa na kuwekwa mbali, na mafuta uliyopaka yafutwe kabla ya kuwasha moto. Pikipiki nyingi zimeteketea kwa sababu ya tone moja la petroli lililosahauliwa kwenye kabureta.

Kichwa kikilika au bolti ikikatika

Kichwa kilicholika kinaweza kusuguliwa kwa tupa hadi kikubali spana ndogo zaidi, au kugongwa ukingoni kwa tindo ili kizunguke. Bolti ikikatika na kuacha kipande kinachochomoza, mbinu bora ni kuchomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea huivunja kutu na nati hukupa mahali pa kushika. Tenganisha betri na CDI kwanza, la sivyo umeme wa kuchomelea utaviharibu.

Ikikatikia ndani kabisa, tia alama katikati barabara kisha toboa kwa ncha ndogo. Tundu la hesi ya milimita 6 hutobolewa kwa ncha ya milimita 5, na la milimita 8 kwa ncha ya 6.8, kabla ya kukatwa hesi upya. Jihadhari na vyuma vya kung'olea bolti vinavyoingizwa katika tundu. Vikikatika ndani, ni vigumu kuliko ncha ya kutobolea. Kazi hii ikikushinda, ipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma.

Kuirudisha

Kazi haijaisha bolti inapotoka. Safisha hesi, paka grisi ya shaba kidogo kwenye bolti za bomba la moshi, kisha kaza kwa kiasi. Bolti iliyoharibika isirudishwe. Nunua yenye alama ya 8.8 kichwani, hasa kwa breki na injini. Ile inayoshikilia mkono wa breki ya nyuma ikikatika, breki inaweza kuzunguka pamoja na gurudumu na kulifunga pikipiki ikiwa mwendoni, na abiria ndiye hulipa.

Mwenda pole hajikwai. Mhudumu anayeiacha pikipiki kwa fundi usiku mmoja hupoteza safari chache tu, lakini anayemharakisha huenda akanunua kichwa kipya cha silinda.